Mbeleko ya Mkuyu

Paukwa!

Pakawa!

Hizo ni sauti zenu au za mbu? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, mto ulipokuwa bado una usingizi, aliishi Fisimaji, mnyama wa mtoni, mama wa watoto watatu wasiojua bado kuogelea. Ukungu ulilala juu ya maji mpaka jua lipate nguvu. Fisimaji alikuwa na mtumbwi mmoja tu. Mtumbwi ndio uliomletea samaki, mtumbwi ndio uliokuwa kitanda. Watoto walilala humo wakibembea, bembe, bembe, bembe.

Kila akirudi kutoka kuvua, aliufunga mtumbwi kwenye tanzu la chini la Mkuyu, mti mkubwa uliosimama ukingoni. Kamba yake ilikuwa nyembamba, ya katani. Aliogopa mto usimwibie. Basi akakaza. Akakaza tena. Akaweka mguu kwenye gome, akavuta: nyiii!

"Shoga, legeza," akaita Mnana, ndege mfumaji mwenye kiota juu ya mti ule. "Kamba imeingia ndani ya gome. Mti unaumia."

"Mti una mdomo?"

"Mdomo hauna. Una maji yanayopanda ndani yake, na wewe umeukaba."

"Wewe una mabawa, shoga. Mimi nikipoteza mtumbwi nimepoteza wanangu. Niache nikaze."

Akakaza. Msimcheke. Nanyi mna vyenu mnavyovikaza.

Siku zikaenda. Kidonda kikalizunguka tanzu lile. Majani yakageuka manjano, yakadondoka moja moja ndani ya mtumbwi, juu ya watoto waliolala. Tanzu likakauka. Fisimaji aliona aibu, lakini aibu yake ikatoka kwa sura ya hasira. "Mti gani huu, hata kamba hauiwezi!" Akahamia juu kidogo ya mto, penye kisiki kikubwa, kinene, cheusi.

"Umekitikisa?" Mnana akauliza.

"Kisiki kinene hivi nikitikise cha nini?"

Akafunga. Akakaza. Akakaza tena.

Asubuhi moja watoto wakiwa usingizini, Fisimaji alizama kutafuta kambare. Alipoibuka akasikia: ng'oo! Kumbe kisiki kilikuwa kimeoza mizizi. Kiling'oka kizima, kikaangukia majini, kamba ikachomoka. Mtumbwi ukaondoka taratibu, kimya, ukaingia kwenye ukungu kama ndoto inavyoondoka. Na huko chini kulikuwa na maporomoko, yananguruma, guu, guu, guu.

"Wanangu!"

Akaogelea. Kuogelea alijua, lakini mto unaokaribia maporomoko hauna mswalie Mtume. Mtumbwi ukazidi kumwacha, ukafika chini ya Mkuyu.

"Amkeni! Shikeni tanzu!" akalia Mnana.

Watoto wakaamka, wakashika lililo karibu. Kwaa! Likakatika. Lilikuwa lile kavu. Fisimaji, aliyekuwa akija nyuma, akaliona likielea, na alama ya kamba yake imelizunguka.

"Nimewaua mwenyewe," akasema, na machozi yakachanganyika na maji ya mto.

"La kijani!" Mnana akapiga kelele. "Wanangu, shikeni la kijani!"

Wakalishika. Tanzu likapinda. Likapinda, likapinda, majani yakagusa maji. Halikukatika. Mtumbwi ukasimama hapo, ukitetemeka, mpaka mama akafika.

Fisimaji alikaa ukingoni akilia. "Shoga, nifundishe."

Mnana akasuka ukili, mkanda wa majani, mpana, laini. Wakauzungusha kwenye shina la Mkuyu. Kamba ikapita juu ya ukili, si juu ya gome. Wakaacha nafasi ya kidole kupita, na kamba ikaachwa ndefu kidogo, ili maji yakipanda mtumbwi upande nayo, yakishuka ushuke nayo. Kamba haikukazwa, na mtumbwi haukuondoka.

"Mama," akauliza mtoto mdogo, "mbona mti umeuvalisha mbeleko?"

Fisimaji akapapasa pale tanzu kavu lilipokatika.

"Kwa sababu ulikubeba, mwanangu, siku ambayo mimi sikuweza."

Basi, watoto kwa wakubwa, sikieni: kinachokushikia ukipendacho, usikijeruhi. Na kabla hujakitegemea kitu, kitikise kwanza, maana unene si uzima.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayesinzia abebwe akalale.