Buibui na Machozi ya Msandarusi

Enzi hizo msandarusi haukuwa mti wa machozi. Gome lake lilikuwa kavu, na katika nyufa zake aliishi Buibui. Wawili hao walikuwa watani, na utani mnaujua wenyewe: mtani hukucheka ukiwa na furaha, lakini ukipatwa na msiba yeye ndiye wa kwanza kufika, na haondoki mpaka unyamaze.

Buibui alikuwa amekawia sana kupata watoto. Mwaka ule akajaliwa. Akayafunga mayai yake katika kifuko cheupe, akakibeba chini ya tumbo, hakitui hata wakati wa kula.

Ndipo akaja Chanzi, mrina asali, akitafuta gome la kutengenezea mzinga. Hakubisha hodi wala hakuomba. Akambandua Msandarusi ubavu mzima, akajiendea zake. Msandarusi akalia kwa mara ya kwanza maishani mwake, machozi mazito ya manjano, yenye kunata.

Buibui akashuka mbio. "Ehe! Mwili wote huo na kilio? Nyamaza, mtani, watu watakucheka!"

"Naumia, mtani wangu."

Buibui akaacha mzaha, akaanza kulifunga jeraha kwa utando. Tone likamshika miguu ya nyuma. Siafu aliyekuwa akipita akampigia kelele, "Mama we, tua hicho kifuko ujinasue!" Angekitua angepona. Lakini alikuwa amekisubiri mno, akakikumbatia kwa miguu iliyobaki.

Msandarusi alipoona mtani wake amenasa, uchungu ukamzidi. Alijua kila tone linamzamisha. Akajikaza anyamaze, asiweze.

"Nisamehe, mtani!"

"Wewe nyamaza kwanza," akasema Buibui, na hakusema tena. Kilio kile kikamfunika, yeye na wanawe ambao hawajaanguliwa.

Na tangu siku hiyo, msandarusi ukijeruhiwa hulia, na machozi yake huzama ardhini yakawa mawe, ndiyo sandarusi. Wachimbaji wakikuta sandarusi yenye buibui ndani, miguu imekunjwa juu ya kifuko, hawaitii kikapuni. Huirudisha shimoni wakaifukia. Na katika misiba yetu, mfiwa akizidiwa na kilio, hatumkatazi. Tunamwondoa kwanza mtani aliyemkumbatia, ndipo tunamwacha alie.