Pipa Lililomalizwa na Mabenchi Matatu

Sogeeni, mnaokunywa na msiokunywa. Nina kesi iliyonishinda, nimewaletea ninyi. Ila nisikilizeni mpaka mwisho kabla hamjaanza kubishana, maana najua mtabishana.

Naitwa Kandidi. Dada yangu, Mama Elisaria, alikuwa na kilabu cha mbege huku kwetu mlimani, karibu na mfereji, mahali njia za vijiji vitatu zinapokutana: Orimba, Kyaseni na Mfuruma. Kwa asiyeijua, mbege ni pombe ya ndizi mbivu na ulezi, na uchungu wake unatoka kwenye gome la mti uitwao msesewe. Vitu hivyo vitatu vimo katika kila mbege. Tofauti ni kipimo, na kwenye kipimo ndipo watu walipochukiana. Kyaseni wanaitaka tamu, ndizi isikike mdomoni. Orimba wanaitaka nzito, ulezi ubaki kwenye meno. Mfuruma wanaitaka chungu, mtu akimeza afumbe macho kwanza.

Ndani ya kilabu kila kijiji kilikuwa na benchi lake na pipa lake. Pipa la Orimba likiisha, mtu wa Orimba alikuwa radhi arudi nyumbani na kiu kuliko kugusa kata ya kunywea ya Kyaseni. Msifikiri ni utani. Jumatatu ya Pasaka, mwaka juzi, mwanamume wa Mfuruma alionja mbege ya Orimba akaitema chini. "Huu ni uji wa mgonjwa," akasema. Kata zikaanza kuruka. Moja ilinipata mimi niliyekuwa naamulia ugomvi, na tangu siku ile naona kwa jicho moja.

Dada hakulisahau jambo lile. Magoti yalipomchosha na binti yake akamwita akaishi naye Tanga, alisimama mlangoni siku ya soko akawaambia watu: "Kilabu hiki namwachia mtu mmoja tu. Yule atakayeniletea pipa moja, mabenchi yote matatu yalinywe, na lisibaki hata tone."

Watu watatu walikitaka.

Nsianeli alikuwa mjane wa Kyaseni. Huyo akipitisha kiganja juu ya mkungu uliofunikwa, anakuambia utaiva siku gani, na unaiva siku hiyo hiyo. Alikitaka kilabu kwa sababu tangu mumewe afariki, shemeji yake alikuwa anamega kihamba chake, shamba la migomba la nyumbani, kila msimu, migomba miwili leo, mitatu kesho, na yeye hakuwa na pengine pa kwenda.

Oforo alikuwa wa Orimba. Alijua kwa kunusa tu wakati wa kuutoa ulezi kwenye majani ya mgomba, ukiwa umechipua vya kutosha na haujaanza kuoza. Alikaa miaka mingi tambarare kwenye kiwanda cha mbao, akarudi mikono mitupu, na kijijini wakawa wanamwita Mgeni mbele ya wanawe. Alitaka watu wa Orimba wamwite kwa jina lake.

Fataeli alikuwa wa Mfuruma. Aliujua msesewe mti kwa mti, gome lipi linauma na lipi linaunguza tu, na alilipima kwa kidole, hakuhitaji kijiko. Miaka kumi na minne alikuwa ameteka maji ya kilabu kile na kuosha mapipa yake. Hakuwahi kuahidiwa kitu, wala hakuwahi kuomba.

Kila mmoja alijaribu peke yake. Kila mmoja alirudi na pipa lililonywewa na benchi moja tu. Ndipo Oforo alipowafuata wenzake, Jumapili baada ya ibada, akawakuta mferejini.

"Sisi tunapoteza muda," alisema. "Tupike moja. Ndizi ya huyu, ulezi wangu, gome la huyu. Kilabu kikipatikana, tunakiendesha watatu."

"Na Mama Elisaria akisema anampa mtu mmoja?" Nsianeli akauliza.

"Ampe yeyote. Aliyepewa, wote tumepewa."

Fataeli alikata jani la isale, lile tunaloshikia amani huku kwetu, na wote watatu wakalishika pamoja. Waliapa mambo mawili: hakuna atakayesema pombe ni yake, na hakuna atakayesema ni ya kijiji gani.

Jumatatu Nsianeli alifunua mikungu minane iliyokwisha kuiva, na kwa kuwa haikutosha, alifunua na ule aliokuwa ameutunza kwa ajili ya kipaimara cha mwanawe. Akamenya, akachemsha mpaka ndizi zikawa nyekundu kama udongo wa barabarani. Akazifunika zilale.

Oforo naye alikuwa na ulezi wa mbegu, debe moja, wa kupanda mvua zikija. Aliuloweka wote. Mkewe alilia, naye akamwambia, "Tutapanda nini tutajua baadaye." Ulipochipua akauanika, akausaga, Ijumaa akaupika.

Ijumaa hiyo hiyo Fataeli alipanda juu msituni, kutwa nzima kwa miguu, kuufuata msesewe mmoja aliokuwa hajamwonyesha mtu yeyote. Aliteleza korongoni akateguka kifundo cha mguu. Alirudi akichechemea na gome limefungwa kifuani.

Mpaka hapo, mwenye kusema mmoja alitoa zaidi ya mwenzake, aseme. Mimi sijaona.

Sasa sikilizeni kilichotokea katikati.

Alhamisi, Nsianeli aliamka akakuta shemeji yake amechimbua mpaka na kuusogeza hadi dirishani kwake. Alikuja kilabuni kuleta majani ya kufunikia, uso umemvimba kwa kulia. Dada yangu akamuuliza, kwa nia njema tu, "Hivi hili pipa mnalohangaika nalo ni la nani hasa?"

Nsianeli aliyaweka majani chini. Kisha akasema, "Ni langu, mae," yaani mama kwa kikwetu. " Wale wawili wananisaidia tu."

Hakujua kwamba Fataeli alikuwa nyuma ya ukuta anaosha mapipa, na kila neno lilimfikia.

Jumamosi asubuhi, siku yenyewe, Oforo aliwakuta wanaume wa Orimba njiani na kusikia walivyopanga. Walikuwa wameazimia kuonja mara moja na kumwaga, ili kilabu kisiende kwa mtu wa kijiji kingine. Oforo akawasogelea, akasema chinichini: "Msimwage. Hiyo ni ya kwenu. Nimepika mimi, ulezi wa Orimba, kwa kipimo cha Orimba. Nyweni mpaka chini." Wakampiga mabegani, na kwa mara ya kwanza wakamwita Oforo. Fataeli alikuwa anapita akichechemea na ndoo za maji. Hilo nalo akalisikia.

Fataeli alipita na ndoo zake mpaka kilabuni. Aliingia, akasaidia kubeba pipa, akaligawa.

Nami nilikuwepo, niliyaona. Benchi la Kyaseni walionja wakatazamana. Mfuruma wakafumba macho, wakafumbua, wakanyoosha kata tena. Orimba ndio walikunywa kuliko wote, wakigongana viwiko na kucheka kwa siri yao. Saa nane mchana dada yangu aliinamisha pipa mbele ya watu. Halikutoka hata tone. Wanawake wakapiga vigelegele. Dada akatoa ufunguo kifuani, machozi yanamtoka, akaita: "Nsianeli, njoo mwanangu."

Nsianeli akaenda. Akanyoosha mkono, kisha akaurudisha. "Mae," akasema, "si yangu peke yangu."

Hapo hapo sauti ya Fataeli ikasikika. Wengine wanaapa kwamba Nsianeli alikiri kwanza, kwa moyo wake. Wengine wanaapa kwamba Fataeli alikuwa ameshasimama kwenye benchi, na Nsianeli akakiri kwa sababu alimwona. Mimi nilikuwa namtazama dada yangu. Sijui.

Fataeli aliyasema yote. Akasema la Alhamisi, akasema na la asubuhi ile, neno kwa neno. "Tulishika isale watatu," alisema. "Mmoja akatuuza kwa mama, mwingine akatuuza kwa kijiji chake. Mimi sijasema uongo hata mmoja. Ufunguo ni wangu."

Watu wa Orimba ndio walilipuka kwanza. "Tumenyweshwa ndizi za Kyaseni!" mmoja akapiga kelele, akatia kidole kooni ajitapishe mbele za watu. Wa Kyaseni wakamwambia aache maigizo, maana alikuwa amelamba hadi kata. Benchi likapinduliwa, na likafuata la pili. Wanawake waliokuwa wakipiga vigelegele wakakimbilia nje.

Oforo alibaki ameegemea pipa. "Mnapiga kelele na kunilaumu," alisema, "lakini bila neno langu wangemwaga. Pipa lingebaki nusu, na hakuna hata mmoja wetu angekuwa na cha kudai. Ninyi wawili mlishinda kwa uongo wangu."

"Kwa hiyo tukushukuru?" Fataeli akamjibu.

"Ungeniita pembeni! Ulinisikia asubuhi. Ungesema, Oforo, acha. Ningeacha."

Nsianeli hakumtazama Oforo kabisa. Alikuwa anamwangalia Fataeli, na sauti yake ilikuwa ya chini, ikabidi watu wanyamaze ili wamsikie.

"Mimi nilikosa. Nilisema neno moja baya siku moja mbaya. Lakini wewe, Ijumaa nilikufunga mguu kwa kitambaa changu. Nikakupikia mtori wa ndizi, ukala, ukasema ahsante dada. Ulikuwa umeshanisikia, Fataeli. Siku mbili ulinitazama nikitembea kuelekea shimoni, na ukanishikia na taa."

"Ningekuambia, ungeacha pipa," Fataeli akasema. "Nilihitaji liishe."

"Ndiyo," alisema Nsianeli. "Ulihitaji liishe."



Dada yangu alirudisha ufunguo kifuani. Niliwahi kumwona akizika mume, na hata siku ya mazishi hakuwa na uso kama ule. "Nilitaka kitu kimoja kabla sijaondoka," alisema. "Mtu mmoja niweze kumwamini humu ndani." Akawatazama wote, waliopika na waliokunywa. "Tokeni."

Jumatatu iliyofuata alipanda basi la Tanga. Kabla hajapanda alinifumbata kiganja, akanikabidhi ufunguo. "Pipa liliisha," aliniambia. "Nilitoa ahadi mbele za watu na siwezi kuivunja. Lazima mmoja apewe. Chagua wewe, mimi siwezi kuwatazama."

Huu ni mwezi wa tatu tangu aondoke. Wale watatu hawasalimiani. Wakikutana kwenye daraja la mfereji, mmoja anageuka. Kila kijiji kinapika na kunywa kwake. Ila nimesikia wazee wa mabenchi yote, kila mmoja kwa siri yake, wakiniuliza kama mbege ile itapikwa tena.

Wanakuja kwangu mmoja mmoja. Fataeli anasema yeye ndiye pekee ambaye mdomo wake haukuvunja kiapo, na miaka kumi na minne ya maji na mapipa nayo ihesabiwe. Oforo anasema sharti lilikuwa pipa liishe, na aliyelifanya liishe ni yeye. Siku hizi Orimba hawamwiti hata Mgeni, hawamwiti kabisa. Nsianeli hadai kitu. Anakaa tu barazani kwangu, na nikimuuliza ananijibu kwamba aliurudisha mkono kabla hajamwona mtu yeyote amesimama, na kwamba haombi niamini.

Jana dada amepiga simu. "Kandidi, umeshampa mtu?" Nikamwambia bado. Akasema Jumapili atapiga tena, na siku hiyo anataka jina.

Jumapili ni keshokutwa. Ndizi, ulezi na gome vilikuwa sawa kwa sawa, hilo nimewaambia. Mmoja alidanganya kwa hofu, akakiri, ama alikiri kwa kubanwa. Mmoja alidanganya kwa kutaka kupendwa na watu wake, na uongo wake ndio uliowapa wote ushindi. Mmoja hakudanganya hata kidogo, ila aliwaacha wenzake waanguke wakati angeweza kuwashika mkono.

Haya, mmenisikia. Wewe uliyeko mbele, na wewe uliyejificha nyuma: ufunguo huu ungekuwa kiganjani mwako, ungemwita nani aje auchukue? Na wale wawili utakaowaacha mlangoni, ungewaambia nini?