Chembe Isiyo na Chaji

Sogeeni karibu. Jina ni moja, na wanaolistahili ni watatu.

Katika idara moja ya fizikia walikuwapo marafiki watatu. Nyamizi alijaliwa jicho la kuona panapovuja. Rweyongeza alijaliwa kubahatisha na kupatia. Mwatima alijaliwa shaka: wenzake wakishangilia, yeye huuliza tena.

Tasnifu ya Nyamizi ilihusu ulimwengu mwembamba kama uzi, ambamo chembe huenda kulia au kushoto tu. Alikuwa na chembe mbili za kulia, moja ya chaji tatu, nyingine nne. Asubuhi ya kuikabidhi akaona kasoro: uga wa umeme ukiwashwa, chaji inazaliwa pasipo mzazi. Nadharia inayovuja hivyo ni maiti.

"Jamani, nimekwisha. Kila chembe inavujisha chaji yake mara yenyewe. Tisa, na kumi na sita."

Rweyongeza aliacha kutafuna muhogo. "Si ishirini na tano hiyo, tano mara tano? Weka chembe ya kushoto yenye chaji tano, dada. Yake itavuja kinyume."

Nyamizi akakokotoa. Chaji ikatulia. Akamkumbatia, muhogo na chaki pamoja.

"Ngojeni kwanza," Mwatima akasema.

"Huyu naye!" Rweyongeza akadakia. "Hata harusini angeuliza bwana harusi ni nani."

"Na ningeuliza. Mvutano wa graviti haujali chaji, unahesabu vichwa. Kulia viwili, kushoto kimoja. Ulimwengu ukipinda, nishati itavuja. Ongezeni chembe nyingine ya kushoto, isiyo na chaji."

"Chaji sifuri? Itafanya kazi gani?"

"Itakuwepo."

Wakakokotoa upya hadi adhuhuri. Hakuna kilichovuja. Nyamizi akaketi sakafuni, akacheka huku machozi yakimtiririka, kama mtu aliyerudishiwa mtoto.

Sasa, idara ile ina desturi: hesabu ngumu ikikamilika, huachwa ubaoni mwaka mzima, na chini yake jina moja tu. Profesa Kilasara, mkuu wa idara, akamkabidhi Nyamizi chaki. "Haya mwanangu, andika."

Nyamizi akainua mkono aandike lake, kwani nani aliona tundu? Akamkumbuka Rweyongeza: kuona tundu si kuliziba. Akamkumbuka Mwatima: bila yeye wangeshangilia chombo kinachozama. Lakini Mwatima naye, pasipo wale wawili, angetilia shaka nini?

Chaki iko hewani bado, na Profesa anasubiri. Enyi mliosikiliza, chaki ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani?