Kiganja cha Upande wa Nje

Sogeeni niwasimulie, na aliyekaa peke yake asogee zaidi.

Palikuwa na shule ambayo watoto waliikandika wenyewe kwa udongo, wawili wawili, mmoja ndani na mwingine nje, viganja vikikutana kwenye fito. Tundu likibaki hadi magharibi, zimwi huingia na kumchukua mwenye tundu.

Siwema, mgeni aliyefiwa na mama, hakuwa na mwenzake. Akakandika, udongo ukadondokea nje. Akakandika tena, ukadondoka.

"Mgeni, udongo wako una miguu?" Kidawa, mwanafunzi mwenzake, akamcheka.

Siwema akakandika mara ya tatu, na udongo ukashika. Upande wa nje palikuwa na kiganja kipana chenye manyoya.

"Mbona hunichukui?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Wengine hukimbia," zimwi likasema. "Wewe bado unakandika. Bonyeza, mwanangu, nimekushikia."

Wakakandika mpaka likabaki tundu moja.

"Nikiziba hapa, utabaki na nani?"

"Na giza, kama jana."

Siwema akaliacha tundu. "Basi zunguka mlangoni. Ila nawa miguu, mwalimu wetu mkali."

Kesho yake mwalimu akauliza nani hana mwenzake. Hakuna aliyenyoosha mkono, hata Siwema.