Mahali Ngiri Alipoficha Mbegu

Hadithi, hadithi!
— Hadithi njoo!
Ije na jembe au ije na kijiko?
— Ije na vyote!
Tamaa hiyo! Haya, kaeni vizuri. Na wewe, acha kutafuna muwa nikisema.

Tembo na Nyati walipigana miaka mitatu. Msiniulize kisa, wenyewe walishakisahau. Walipoacha, mto ukafurika, vuuu! Ukabeba maghala, ukabeba vyungu, ukabeba hata mafiga. Wanyama wakabaki na shamba moja. Wakalilima lote likawa laini, lakini mbegu hawana hata punje.

Ndipo wakaja Korongo kutoka mbali, madaftari kwapani, na magunia kumi ya mbegu za mahindi.
"Mwenyekiti wenu nani?"
Ngiri akatoa yale meno yake yaliyopinda. "Mimi."
Nani abishe?

Magunia yote yakaingia kwa Ngiri. Akala la kwanza, kwachu kwachu, akaanza kulitazama la pili.

Bi Pimbi, mjane mwenye watoto watano, akaangalia mawingu. Mvua i karibu. Ikinyesha shamba tupu, wanawe hawatauona mwaka mwingine. Lakini kupigana na Ngiri, wapi na wapi? Akaenda mbio, hodi hodi, anahema.

"Mwenyekiti wee, umekwisha! Korongo wanarudi kukagua!"
"Lini?"
"Wakati wowote! Wakikuta magunia humu, wanakung'oa meno!"
Ngiri akayashika meno. "Nifanyeje, mama?"
"Zifukie mbegu, baba."
"Nichimbe shimo kubwa?"
"Kubwa litaonekana! Vishimo vidogo, kila kimoja punje mbili."
"Nitavijuaje nikitaka kula?"
"Panga mstari. Hatua moja, kishimo kimoja."
"Ardhi yenyewe ngumu hii."
"Si lipo shamba? Udongo laini kule."

Ngiri akaingia shambani peke yake. Chimba, chwe! Tia, ti-ti! Fukia, fu! Hatua. Chimba, chwe! Tia, ti-ti! Fukia, fu! Hatua. Mgongo unamuuma, jasho linamtoka, wenzake wako kivulini wanatazama.
"Pole na kazi, Mwenyekiti!" akasema Bi Pimbi.
"Kazi gani? Natembea tu!"

Magunia tisa yaliyobaki yalipoisha tu, mvua chwaa! Siku ya saba Korongo wakatua. Shamba lote kijani, mistari imenyooka.
"Nani kapanda mahindi haya?"
"Yangu hayo!" Ngiri akadakia. "Nimeyafi—"
"Umeyafi nini?"
"Kayafikisha shambani!" Bi Pimbi akapiga vigelegele. "Kapanda yote peke yake, kwa ajili yetu sote!"

Korongo wakapiga makofi mpaka manyoya yakadondoka. Wakamwandika Mkulima Bora, wakampa zawadi ya jembe, na wakamwomba apande tena msimu ujao. Mahindi yalipokomaa, yakagawiwa nyumba kwa nyumba. Watoto watano wa Bi Pimbi wakala wakavimbiwa. Ngiri naye akapata fungu lake, sawa na la Pimbi, akalia machozi.

Funzo lake, wanangu: mwizi wa msaada msimchukie. Mpeni uenyekiti, mpeni na ufunguo wa ghala. Ila kwanza tazameni mawingu.

Hadithi yangu nimeifukia hapo mlipokaa. Ikiota, gawaneni.