Finjani Mbili Sakafuni

Mtu mmoja alikuwa na finjani mbili za kahawa sakafuni mbele yake, zote zimejaa, na neno moja tu la kutoa.

Jina lake Shukri, Mpalestina, mkulima wa mizeituni katika kijiji cha mawe juu ya kilima. Binti yake Widadi aliuawa kwa risasi ya askari pale kizuizini barabarani, akirudi nyumbani na nyuzi za kudarizi katika mfuko wa karatasi. Askari walisema walidhani. Walidhani nini, hawakusema. Nami sitawasaidia kulipamba jambo hili: msichana alikuwa na nyuzi, wao walikuwa na bunduki.

Sasa sikilizeni desturi ya watu hawa, maana bila hiyo mtaona kahawa tu. Katika matanga yao mgeni huingia, hushika mikono ya wafiwa, husema, "Mungu auzidishe ujira wenu," kisha hupewa finjani ya kahawa chungu isiyo na sukari, akainywa. Anayeingia kimya ametukana. Lakini mtu akiipokea finjani na kuiweka chini bila kuionja, huyo ana haja. Hatakunywa mpaka mwenye nyumba amwambie, "Kunywa kahawa yako." Na mwenye nyumba akishalitamka hilo, haja imekubaliwa. Neno halirudi, hata likimuuma.

Finjani ya kwanza iliwekwa na Muniri, mwana wa Shukri, kaka yake Widadi, mtu mzima mwenye ndevu, mchonga mawe. Aliiweka mbele ya baba yake, watu wote wakiona, na hakuna aliyehitaji kuuliza maana yake. Muniri alitaka damu. Alitaka kushuka barabarani na neno la baba yake mfukoni, akampate yeyote wa upande ule, askari au si askari.

Raghibu, mdogo wake Shukri, akasema kwa sauti ya kusikiwa, "Mwambie anywe, kaka. Au unangoja watumalizie na huyu?"

Shukri aliijua barabara ile. Akimwambia mwanawe anywe, atazika wawili, na ng'ambo ya bonde baba mwingine naye atazika wake. Asipomwambia, mwana atatoka pale akiamini kwamba baba hakumpenda Widadi. Ninyi mnaopenda kusema "angefanya hivi, angefanya vile," kaeni mahali pake kwanza. Mkeka ulikuwa pale pale, na nafasi ipo.

Kahawa ya Muniri ilikuwa imeanza kupoa alipoingia Myahudi.

Alikuwa mzee, mgane, jina lake Naftali, kutoka mji wa ng'ambo ya bonde. Mkewe, Yokebedi, aliuawa sokoni kwa bomu lililotegwa na mtu wa vilima hivi hivi vya kina Shukri. Baada ya hapo wenzake walitarajia awe mkali. Yeye akawa mtu wa kusimama njia panda kila Ijumaa na kibao kifuani, akisema askari watoke katika vilima vya watu. Wapita njia wa kwao walimtemea mate kupitia madirisha ya magari. "Msaliti! Mkeo anakuona!" Na msimu wa kuchuma zeituni alikuja kusimama kati ya wachumaji na wahuni wenye marungu, walowezi wa Kiyahudi waliokuja kuwafukuza mashambani, kwa sababu marungu yalisita kidogo mbele ya mzee wao wenyewe. Shukri alimjua kutoka hapo. Mzee aliwahi kumshikia ngazi akichuma. Hawakuwa marafiki, walijuana kwa ngazi.

Naftali alikuja amebeba sufuria ya adesi, dengu zilizopikwa, na mwiko wake. Vijana mlangoni waliifunua, wakakoroga kwa mwiko mpaka chini, kama watu wanaotafuta kisu. Hawakupata kisu. Raghibu akamwuliza kwa Kiebrania cha kuokoteza, "Umepita wapi, mzee? Kizuizini? Wakakupungia mkono?"

Naftali akainamisha kichwa. Ilikuwa kweli. Yeye alionyesha uso, akapita. Angekuwa Shukri ndiye anayekwenda kumhani Naftali, angesimama juani mpaka matanga yaishe. Jambo hili nalisema waziwazi, maana wako wanaosimulia habari za watu hawa kama ugomvi wa majirani wawili wenye uzio wa miba. Mmoja ana barabara. Mwingine ana kizuizi.

Basi mzee akaketi chini kabisa, pale penye viatu. Hakusalimu. Hakushika mkono wa mtu. Hakumtaja Mungu wala ujira. Wakampa finjani, kwa kuwa hata adui akiingia matangani hupewa. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akaiweka sakafuni mbele ya Shukri, kando ya ile ya Muniri. Akanyamaza.

Chumba kikachemka. Mmoja alisema, "Ana haja huyu." Mwingine, "Anataka picha, akawaonyeshe kwao kwamba tumepatana." Raghibu akapiga goti lake kwa kofi. "Anataka msamaha! Wametuua, sasa wanataka na msamaha juu yake, kama nyongeza ya muuza viazi!"

Muniri alizitazama finjani mbili, yake na ya yule, ubavu kwa ubavu, kama mtu aliyemkuta mgeni amelala kitandani kwake.

Shukri akangoja mgeni aseme. Mgeni hakusema. Watu wakakohoa. Birika ikazungushwa tena, ikawapita wale wawili ambao finjani zao hazikuguswa. Mwishowe Shukri akafungua mdomo, na kwa Kiebrania alichojifunza akiwajengea Wayahudi nyumba zao, akasema, "Umeweka finjani. Sema haja yako."

Naftali akashtuka, akaitazama ile finjani kana kwamba imemwuma.

"Haja? Sina haja, Baba Muniri. Kwetu mgeni wa msiba hafungui mdomo kabla ya mfiwa. Huketi chini, akangoja. Na kwetu mfiwa hamhudumii mtu, yeye ndiye wa kulishwa. Nimeona haya kunywa kahawa ya mkono wako. Sikukunyamazia. Nilikuwa nakungoja wewe."

Shukri akawageuzia wenzake maneno yale kwa lugha yao. Kutoka pembeni mtu akacheka puani, kicheko cha kutotaka. "Kumbe!" akasema Raghibu. "Tumekaa hapa kama majabali, sisi tunamngoja yeye, yeye anatungoja sisi! Tungefia hapa!"

Hata neno finjani wanalo pande zote mbili. Kwa kina Shukri ni kikombe, kama kwetu. Kwa kina Naftali ni birika yenyewe. Wanatamka kitu kimoja, na kila mmoja anaona chombo kingine. Mpaka hapo mtu anaweza kucheka. Tatizo ni kwamba katikati yake watu huuawa.

Shukri hakucheka. "Basi nimeshasema," akamwambia. "Mfiwa amefungua mdomo. Sasa je?"

Mzee akafikiri. "Sasa ninayo moja. Yokebedi alipouawa walikuja watu wengi nyumbani kwangu. Walizungumza juu ya waliomuua. Asubuhi waliomuua, jioni waliomuua. Hakuna aliyeniuliza habari zake yeye. Niambie habari za Widadi."

Muniri hakungoja itafsiriwe. Kiebrania alikijua, alikisikia kizuizini kila siku. Akasimama. "Baba, usimpe! Uhai wake wameuchukua. Sasa wachukue na habari zake?"

Hapo hapakuwa na wa kucheka tena. Kila mtu mle ndani alijua neno lililokuwa mdomoni mwa Shukri lina uzito gani. Nyumba iliyomkubalia mgeni haja yake matangani haiwezi kumtoa mwana wake na kisu dhidi ya watu wa mgeni huyo. Na nyumba iliyomkubalia mwana kisu haiwezi kuketi na mgeni ikamsimulia. Finjani zilikuwa mbili, na neno lilikuwa moja.

Shukri akatazama sakafu, mahali katikati ya finjani mbili.

"Kunywa kahawa yako," akasema.

Hakuna aliyejua amemwambia nani. Mkono wa Muniri ukashuka kuelekea finjani yake, ukafika nusu ya njia. Ndipo Shukri akanyoosha kidole kimoja, akaisukuma finjani ya Naftali, ikakwaruza sakafu, ikamfikia mzee. Naftali akainywa, baridi, chungu, mpaka machicha.

Muniri akatoka. Mlango ukagonga ukuta.

Shukri akaanza kusimulia. Alisimulia vibaya, kama wasimuliavyo wanaume waliozoea kulisikia jambo kutoka kwa wanawake. Alisema Widadi alipokuwa mdogo aliiba kanzu ya bibi yake, ile ya darizi nyekundu kifuani, akamvika mbuzi jike, akampitisha kijijini na nyimbo za harusi, mpaka mlangoni kwa mkuu wa kijiji, akabisha hodi, akasema, "Tumemleta bi harusi, mko tayari?"

"Siyo kwa mkuu wa kijiji!"

Sauti ilitoka nje, dirishani. Wote wakageuka.

"Ilikuwa kwa mwalimu Atala," akasema Muniri. Alikuwa amesimama uani, viwiko juu ya jiwe la dirisha, macho yamewiva. "Mkuu wa kijiji alikuwa na mbwa, angethubutuje? Ni kwa mwalimu Atala. Na mbuzi alikula ushungi wa mke wa mwalimu. Mimi najua. Mimi ndiye niliyeshika pembe."

Katika chumba cha pili, walikokuwa wanawake, mtu akaangua kicheko, na kicheko kile kikageuka kilio kabla hakijamaliza kutoka. Shukri akasema, "Basi ingia uisimulie mwenyewe."

Muniri hakuingia. Lakini aliisimulia, kutoka pale pale dirishani, kwa Kiarabu, na hakumtazama Naftali hata mara moja. Alisimulia mbuzi, akasimulia kipigo walichopata, akasimulia namna Widadi alivyokataa kulia akipigwa. Shukri alimgeuzia mzee sentensi moja moja. Naftali alisikiliza huku ameshika finjani tupu, na alipotaka kuuliza kitu aliinua kwanza uso kumtazama mfiwa, kama desturi yake inavyomtaka.

Mtaniuliza, Muniri alisamehe? Hakusamehe. Alikunywa kahawa yake? Hakuinywa. Najua mngetaka ainywe; mngerudi nyumbani mmeshiba. Siku ile hakushuka barabarani, ndilo ninaloweza kuwaambia, na kesho yake hakushuka. Finjani yake bado iko sakafuni kwa Shukri. Kila asubuhi baba huimwaga kahawa iliyolala ndani yake, akatia nyingine ya moto, akairudisha mahali pake. Hamwambii anywe. Wala haiondoi, kwa sababu dai la mwanawe ni la kweli, na mwenye kuificha finjani ya aliyeonewa ili wageni waone sakafu safi, huyo naye ni mwizi. Muniri hurudi kutoka machimboni, huitazama, hupanda darini kulala.

Nayo sufuria ya Naftali haikurudi tupu. Kule pia chombo cha jirani hakirudi tupu. Shukri aliijaza zeituni za chumvi. Pale kizuizini askari, mtoto wa watu wa Naftali mwenyewe, aliifunua akaikoroga mpaka chini kwa mwiko wa mzee, akitafuta kisu. Ijumaa iliyofuata mzee alikuwa tena njia panda na kibao chake, na gari lilipopunguza mwendo akajifuta shavu mapema.

Wako watakaosema mfano huu unawapima watu hawa sawasawa kwenye mizani. Haupimi. Nimeshasema nani ana barabara. Wako watakaosema unataka waliouawa wasahauliwe, nao hawakusikiliza, maana matumaini yote niliyoyaona katika nyumba ile yaliingia kwa dirisha siku mtu alipouliza habari za aliyekufa, na mwenye hasira akashindwa kuvumilia zisimuliwe vibaya.

Lakini ninyi mliokaa hapa mmenyamaza, mkidai ni adabu, nataka kuwauliza kitu. Finjani iko sakafuni na kahawa inapoa: wewe unamngoja nani aseme kwanza?