Chungu cha Makande na Kijiko cha Magadi

Nina mzigo wa hadithi, nao umeninyong'onyeza mgongo. Atakayenisaidia kuushusha aseme, "Tua." Mmesema? Haya, natua.

Kabla sijatua niwaambie nilivyojiaibisha, maana hadithi hii ilianzia mdomoni mwangu, na mdomo wenyewe ulikuwa umejaa makande.

Ilikuwa siku ya tatu baada ya kumzika baba yetu, Mzee Mbwambo, huko Usangi, milimani Upareni. Mimi ni dereva wa malori ya masafa marefu. Nimelala Lusaka, nimekwama Lubumbashi wiki mbili, nimeumwa na mbu wa mataifa saba. Basi nikirudi nyumbani hudhani kila mtu alikuwa akiningoja nije nimfundishe jambo. Siku hiyo wanawake walipakua makande, mahindi na maharage yameiva mpaka yanateleza yenyewe. Nikala sahani ya kwanza, nikala ya pili. Nikiwa katikati ya ya tatu nikasimama mbele ya wafiwa, kijiko mkononi.

"Mnaona ndugu zangu," nikasema, "haya ndiyo makande. Laini, na hayana hata chembe ya magadi. Magadi ni sumu, mimi nimesoma. Ni uvivu tu wa mpishi unaomfanya atie magadi kwenye chakula cha watu."

Shangazi mmoja akakohoa, akageukia ukutani. Aliyepika alikuwa Nakunda, mjane wa marehemu mdogo wangu, naye alikuwa amesimama jikoni na upawa wake.

"Shemeji," akasema, "hayo yana magadi."

Mwenye akili angekaa chini. Mimi nikauliza, "Tangu lini yanatiwa magadi katika nyumba hii?"

Nakunda akaweka upawa chini. "Tangu baba yuko hai. Na yeye nilimtilia."

Dada yangu Niendiwe, aliyekuwa akipokea sahani, akaziachia zikaanguka. Sasa hadithi ndiyo inaanza.

Walikuwako watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza ni huyo dada yangu Niendiwe, na kipaji chake ni saburi. Niendiwe anaweza kupuliza kuni mbichi mpaka zione haya ziwake. Wa pili ni Nakunda, na kipaji chake ni ulimi. Akionja mchuzi atakwambia kitunguu kiliingia kabla ya nyanya au baada. Wa tatu ni Mzee Sekiete, jirani, aliyetiwa jandoni siku moja na baba. Kipaji chake ni uongo. Si uongo wa kudhulumu, ni ule wa kumfanya mgonjwa acheke. Alibakiwa na meno manne, na aliapa kwamba mengine yako safarini.

Alikuwako na wa nne, asiye na kipaji. Huyo alikuwa na simu. Nitamfikia.

Mama yetu alifariki kabla ya masika. Tangu siku hiyo baba aliacha kula. Si kwamba alisusa. Alikaa mbele ya sahani kama mtu aliyeketishwa mbele ya barua ya lugha asiyoijua. Alikuwa na presha, na figo zake zilikuwa zimechoka. Muuguzi wa zahanati alimwita Niendiwe pembeni. "Punguzeni chumvi. Na magadi acheni kabisa. Magadi ni ndugu yake chumvi. Mwenye afya akila kidogo hatumkatazi, lakini figo za mzee huyu haziwezi huo mzigo."

Baba alikuwa na haja moja tu. Kwetu kaburi la mke hujengewa baada ya mavuno, na jiwe la kwanza huwekwa na mumewe akiwa hai. Ilikuwa imebaki miezi minne. Akawaita hao watatu, akanyoosha kidole kwenye chungu cha mama, kile cheusi cha makande. "Atakayenifikisha siku ya jiwe," akasema, "chungu hiki ni chake."

Niendiwe akaanza. Aliloweka mahindi na maharage mchana kutwa, na kesho yake alfajiri akawasha moto. Bila magadi maharage hayana huruma. Yalichemka mpaka saa tisa alasiri, naye akiongeza maji, akiongeza kuni, macho mekundu kwa moshi. Hakutia chumvi, hakutia magadi, hakukosa siku hata moja. Baba alikula vijiko viwili, akasema, "Ahsante, mwanangu," akasukuma sahani. Lakini miguu yake haikuvimba, na presha ilitulia. Muuguzi akampongeza.

Nakunda akaona mashavu ya baba yanazama. Akachukua jiwe la magadi lililobaki kwenye kibuyu cha mama, akalilowesha kikombeni, akaacha taka zitulie chini kama mama alivyomfundisha. Niendiwe alipokwenda kukata majani ya ng'ombe, Nakunda akatia kijiko kimoja cha yale maji ya juu. Kimoja tu, kila baada ya siku mbili. Siku ya kwanza baba alinusa, kisha akala sahani nzima. "Leo moto umekubali," akasema. Niendiwe akafurahi akaenda kumsimulia muuguzi kwamba saburi yake imelainisha maharage. Nakunda akamwacha ashangilie.

Mzee Sekiete naye akaona kwamba baba hawezi kula peke yake, kwa sababu miaka arobaini na miwili hakuwahi kula peke yake. Kila siku saa tisa akapanda mlima na fimbo yake, akaketi kwenye kigoda cha mama, akala pamoja naye. Makande yalipokuwa magumu alitafuna kwa meno yake manne kama anayevunja kokoto. "Mbwambo," akasema, "makande kama haya niliyala mara ya mwisho kwa gavana." "Gavana gani?" "Usiulize, utaharibu ladha." Baba akacheka, na akicheka humeza. Sekiete hakukosa hata siku za mvua, na mlima ule huteleza.

Na yule wa nne? Alipiga simu. Akiwa Mbeya alipiga, akiwa Ndola alipiga. "Msimpe baba magadi," akasema. "Nimesoma ni sumu." Baba akaomba simu. "Elifasi, utakuja lini?" "Nikishusha mzigo huu, baba." Kila mara kulikuwa na mzigo huu.

Siku ya jiwe ikafika na baba akafika nayo. Alitembea mwenyewe mpaka kaburini, Niendiwe kushoto, Nakunda kulia, Sekiete nyuma akimdanganya kwamba ni karibu. Alipiga magoti, akaweka jiwe la kwanza kichwani pa mama, akalipapasa kama anayetengeneza mto. Wiki hiyo miguu ikaanza kuvimba. Siku ya tisa akafariki.

Haya, turudi kwenye sahani zilizovunjika.

"Umemuua baba," Niendiwe akamwambia Nakunda.

"Nilimlisha, wifi. Wewe ulikuwa unampikia, mimi nilikuwa namlisha."

"Mimi nilikuwa namlinda. Na ukaniacha nikajisifu mbele ya muuguzi kama mjinga."

Mzee Sekiete akainua fimbo. "Mimi nilijua tangu kijiko cha kwanza. Ulimi wangu haujang'oka kama meno. Na Mbwambo alijua. Alinikonyeza."

"Unadanganya," Niendiwe akasema.

"Siku zote nadanganya," Sekiete akajibu, na machozi yakamtoka. "Leo nani ataniamini?"

Tukamwita muuguzi, aliyekuwa amekuja kutupa pole. Niendiwe akamuuliza kama ni magadi yaliyomuua baba. "Figo zilikuwa zimechoka tangu zamani," muuguzi akasema. "Magadi hayakuzisaidia. Lakini asingekula, huenda asingefika hata kwenye mavuno. Mimi siwezi kukitazama kijiko nikakwambia kilichukua siku ngapi na kilileta siku ngapi."

Basi Niendiwe akanigeukia. "Kaka Elifasi, wewe ndiye mkubwa. Chungu ni cha nani?"

Nakunda akaja karibu, akasema kwa sauti ya chini. "Shemeji, sikitaki chungu kwa kupikia. Lakini nikinyimwa, kijiji kizima kitajua kwamba nimemuua mzee. Mume sina. Nitakaa vipi katika nyumba hii?"

Nikakiangalia chungu. Nikimpa Nakunda, namwambia dada yangu kwamba moshi wote ule ulikuwa bure. Nikimpa Niendiwe, namfukuza mjane wa mdogo wangu bila kufungua mlango. Nikimpa Sekiete, mzee ambaye hajawahi kupika hata maji, watacheka wote, kisha watakumbuka kwamba bila yeye baba asingefungua kinywa. Nikafanya walivyofanya mahakimu wengi waoga kabla yangu: nikasema nitafikiri. Nikakifunga chungu kwenye blanketi, nikakiweka nyuma ya kiti cha lori.

Mwaka wa pili huu tunasafiri nacho. Nimewauliza madereva, nimewauliza maofisa wa mpakani, nimemuuliza padri mmoja aliyeomba lifti akajuta. Kila kijiwe kina jibu lake, na Nakunda bado anangoja.

Sasa nawauliza ninyi. Mmoja alimlinda na kilichomdhuru. Mmoja alimpa kilichomdhuru ili aishi. Mmoja alijua, akanyamaza, akakaa naye mpaka sahani iishe. Wangepungua mmoja, jiwe lisingewekwa. Chungu ni cha nani? Je, wewe ungeamua vipi?

Fikirini taratibu. Mimi mwezi uliopita niliuliza Tunduma, kwa Mama Tusekile anayetupikia madereva. Nilimsimulia yote, mwanzo mpaka mwisho, naye akiosha vyombo. Nilipomaliza nikamwambia, "Haya, mama, amua."

Akajifuta mikono kwenye khanga.

"Hao watatu walikuwapo," akasema. "Warudishie chungu chao, watajuana wenyewe. Wewe ulipiga simu. Lete hiyo sahani nioshe."